Simu ya Butiama Iliyopitia Texas

Nyumbani kwa Mama, Mwisenge mjini Musoma, simu ya mezani ina hadhi yake. Imewekwa juu ya kabati la vyombo, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, na namba zote anazopiga Mama zimo kichwani mwake. Macho yamefifia, lakini vidole havijasahau: hupapasa kinundu kidogo kilicho juu ya tarakimu 5, vikajua pa kwenda. Simu ya kupangusa haina kinundu, na Mama ameshaikataa mara nyingi bila ugomvi. Ndiyo maana kaka yetu aliyeko Texas alipotaka kumrahisishia mazungumzo alituma kisanduku kinachopitisha simu kwenye intaneti huku kikikubali simu ile ile ya waya. Alitaka mkono wa Mama usibadilishiwe kitu.

Kisanduku kilibebwa na msafiri hadi Dar es Salaam, kikapanda basi, tukakipokea stendi ya Bweri. Kina matundu matatu ya maana: moja la waya unaotoka kwenye ruta, moja la simu, na moja la laini ya ukutani. Kaka alikuwa ameshakiingizia namba ya Texas, ili yeye na wanawe wakimpigia bibi yao walipe bei ya simu za kwao. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: chomoa simu ukutani, chomeka kwenye kisanduku, basi. Tundu la laini ya ukutani likaachwa wazi. Jioni hiyo Texas ikapiga Musoma, wajukuu wakaamkia mmoja mmoja, na Mama akazungumza mpaka ugali ukapoa mezani. Simu za kuingia hazikutusumbua hata siku moja. Visa vyote nitakavyosimulia vilitoka upande wa pili, pale Mama alipotaka kupiga yeye.

Asubuhi yake alimpigia Dada, aliyeolewa Bunda. Akabonyeza tarakimu zote 10, akatulia. Kisanduku nacho kikatulia, kisha kikatoa mlio wa haraka haraka wa kukataa. Akajaribu kwa Baba Mdogo, Butiama. Mlio ule ule. Akasema labda mitandao ya simu za mkononi ina tatizo, akapiga ofisi ya parokia kwa namba ya mezani, zile tarakimu 7 bila 028, kama alivyozoea miaka yote kupiga ndani ya mji. Hiyo ikaita.

Ilikuwa saa nne asubuhi kwetu. Mwanamume akapokea kwa sauti nzito ya usingizi. Mama akatoa salamu ya Kikristo, akaeleza kwa utaratibu kwamba anataka kuandikisha nia ya misa kwa ajili ya marehemu mume wake, akataja jina na tarehe. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache ya Kiingereza kwa upole na kukata. Mama akageuka kwangu: “Parokia wana mgeni, na bado amelala saa hizi?” Nikamwomba mkonga, nikabonyeza tarakimu zile zile 7. Akapokea mtu yule yule. Nikamwomba radhi kwa Kiingereza, nikamuuliza yuko wapi. Alikuwa Texas, kitandani kwake, usiku wa manane.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kisanduku kinavyofikiri. Simu ya kawaida ikichomekwa ukutani hupeleka kila tarakimu moja kwa moja kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na mtambo ndio unaoamua. Kisanduku cha intaneti hufanya kinyume. Hukusanya tarakimu kwanza, huzilinganisha na kanuni zilizoandikwa ndani yake, na kisiporidhika hakipeleki kitu popote. Kanuni za kisanduku chetu zilikuwa za Amerika Kaskazini, kama kilivyotoka kiwandani. Kilijua kwamba 0 peke yake ni kumwita opereta. Kilijua kwamba namba ya dharura ni 911. Kilijua kwamba tarakimu 7 zinazoanza na 2 hadi 9 ni simu ya mtaani, na Kaka alikuwa amekielekeza kuongeza mbele yake 1 na namba ya mji anakoishi. Namba ya parokia ina tarakimu 7 na inaanza na 2, kwa hiyo ilipita, ila ilipita ikiwa imevaa sare ya Texas. Namba ya Dada, yenye 0 mwanzoni na tarakimu 10 kwa jumla, haikufanana na chochote ilichokijua mashine. Ikakataliwa.

Nilipomaliza kuelewa hayo sikucheka, kwa sababu nilikumbuka 112, namba yetu ya dharura. Mama ana presha. Mara nyingi mchana anakuwa na msichana wa kazi tu, na mimi niko shuleni nafundisha. Tulikuwa tumemfundisha yule binti: Mama akizidiwa, nyanyua mkonga, bonyeza 112. Kwa kanuni zile, angebonyeza na kusikia mlio wa kukataa. Kisanduku kilichokuja kwa mapenzi yote ya mtoto kwa mama yake kilikuwa kimefunga mlango ambao haukupaswa kufungwa hata kwa usiku mmoja. Jioni hiyo nilirudisha simu ukutani, na nikamwambia Kaka kwamba Texas itasubiri.

Mpwa wangu akaja kutoka Bunda Jumamosi. Anasomea mambo ya kompyuta, na bibi yake humwamini kuliko fundi yeyote wa barabara ya Mukendo. Akachomeka upya, akanyanyua mkonga, akabonyeza nyota mara nne, halafu 110 na alama ya reli. Sauti ya kike ikaanza kutamka tarakimu kwa Kiingereza: ilikuwa anwani ya kisanduku ndani ya nyumba yetu. Mama akaomba asikilize. Akasikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema, “Huyu anasema tu, hasikii.” Mpwa akaandika ile anwani kwenye kompyuta na ukurasa wa mipangilio ukafunguka, mrefu, umejaa visanduku vya kujaza. Kaka naye akaingia kwenye kompyuta hiyo kutoka Texas kwa programu ya kuonyeshana kioo, na kwa kuwa kwake kulikuwa alfajiri na alikuwa anawahi kazini, akafanya la haraka. Akafuta kanuni zote, akaandika moja inayokubali tarakimu zozote, za idadi yoyote, na kuamuru kwamba 0 ya mwanzo igeuzwe kuwa 255. Simu zote zikapelekwa kwenye intaneti.

Simu zikatoka. Kwa saa chache nyumba ilifurahi.

Wakati huo tulikuwa na shughuli kubwa mbele yetu. Binti wa marehemu kaka yetu mkubwa alikuwa amechumbiwa, na wakwe walitaka kikao cha mahari. Kikao cha namna hiyo hakiwezi kukaa bila Baba Mdogo, mdogo wa baba yetu, anayeishi Butiama kwenye ardhi ya ukoo, si mbali na Mwitongo, kwa Mwalimu Nyerere. Tulikuwa tumekubaliana kisogezwe baada ya tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kwa sababu siku hizo Butiama hupokea wageni wengi na wazee hawapati nafasi. Kumwalika ilikuwa kazi ya Mama mwenyewe. Shemeji huyu hatumiwi ujumbe wa maandishi, wala haitwi na mtoto. Anapigiwa na mjane wa kaka yake, anasalimiwa, anaulizwa ng’ombe na mvua, ndipo linasemwa la kusemwa.

Mama akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga baadaye, ikaita, safari hii ikakatwa kabisa. Kwenye kioo cha simu ya Baba Mdogo ilikuwa inatokea namba inayoanza na +1, na vijana wa pale walishamwonya kwamba namba za nje asizozijua ni za matapeli wanaotafuta pesa za wazee. Alifanya walivyomwambia. Simu kutoka Musoma kwenda Butiama, safari ambayo kwa gari haimalizi saa moja, ilikuwa inavuka bahari hadi Marekani na kurudi, na inafika ikiwa na uso wa mgeni. Kila aliyepokea simu ya namna hiyo alikuwa anakula salio la Kaka kwa bei ya simu ya kimataifa. Dada wa Bunda, ambaye alipokea kwa kuwa alijua habari ya kisanduku, alizungumza na Mama habari za dagaa, za harusi ya jirani na za mvua iliyochelewa, na salio la mwezi likaisha kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Kulikuwa na jingine lililoniuma zaidi. Mama hupiga polepole. Anapapasa kinundu, anabonyeza tarakimu tatu nne, anatulia kukumbuka, anaendelea. Kisanduku kinachokubali namba za idadi yoyote hakiwezi kujua namba imeisha lini, kwa hiyo hutega saa. Mkono ukikaa sekunde 3 bila kubonyeza, chenyewe huhesabu kwamba mtu amemaliza na kupeleka kilichokusanywa. Mama alikuwa anakatizwa katikati ya namba na kuambiwa na sauti ya Kiingereza kwamba namba hiyo haipo. Akaanza kudhani amesahau namba ya mtoto wake mwenyewe. Nilimkuta akiirudia kwa sauti ndogo, tarakimu kwa tarakimu, kuhakikisha. Namba ilikuwa sahihi. Kumwona mtu mwenye kumbukumbu kama ya Mama akiitilia shaka kumbukumbu yake kwa sababu ya saa ya sekunde 3, hilo sikulivumilia. Na 112 sasa, badala ya kukataliwa, ilikuwa inaelekea Marekani, ambako hakuna wa kuuliza Mwisenge iko wapi.

Tukakaa kikao cha pili: Mama, mimi, Mpwa, na Kaka kwenye simu ya mkononi. Kaka alikuja na hoja yake. Alikuwa amesoma kwamba laini ya ukutani, ile ya TTCL, ikichomekwa kwenye lile tundu la tatu, kisanduku kinaweza kufunguliwa njia mbili. Yeye angepiga kwa intaneti hadi Mwisenge, apewe mlio wa laini ya ukutani, kisha apige popote Tanzania kwa bei ya ndani. Niliielewa tamaa hiyo kwa mtu anayetunza familia akiwa mbali. Nilimkatalia hata hivyo, na Mama akaniunga mkono. Kuingiza simu za nje na kuzitoa kama simu za ndani ndiyo kazi inayofanywa na wenye mitambo ya siri ambao Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikiwasaka, na watu wameshafikishwa mahakamani kwa makosa hayo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hata kama mtu mmoja anayempigia shangazi yake si mfanyabiashara, sikutaka nyumba ya mama mjane ikaribie jambo hilo. Tukakubaliana laini ya ukutani itarudi, lakini ni kwa simu zinazotoka kwenye mkono wa Mama tu. Mlango wa kutoka nje kuingia ndani ukafungwa.

Ndipo nikatoa daftari. Nikamwambia Mpwa aache kompyuta kwanza, nikamwomba Mama atutajie watu wote anaowapigia, kwa namna anavyowapigia. Ilichukua jioni nzima, nami naihesabu miongoni mwa jioni nzuri tulizokaa naye mwaka huo. Alianza na Dada na Baba Mdogo. Wakaja jirani zetu wa zamani wa Kitaji, dereva wa bodaboda anayemwamini, muuza sato anayeleta mlangoni, duka la dawa. Parokia, kwa tarakimu 7. Mkwe wake Dar es Salaam, ofisini, kwa 022. Akamtaja Shangazi aliyeolewa Migori, ng’ambo ya mpaka wa Sirari. Huyo humpigia kwa 005, kwa sababu kutoka Tanzania Kenya ni 005 na Uganda ni 006, njia fupi walizoachiana majirani hawa badala ya mlolongo wa 000254 na 000256. Binamu yetu wa Kampala akaingia kwa 006. Wa mwisho akawa Kaka, kwa 000 na 1. Hakuna kwenye orodha hiyo aliyepigiwa kwa alama ya kujumlisha, maana simu ya mezani haina kitufe hicho.

Kanuni zikaandikwa kutoka kwenye daftari. Herufi x ni tarakimu yoyote, mabano ya mraba ni kuchagua moja kati ya zilizomo. Mstari wa kwanza, kabla ya mwingine wowote, ulikuwa 11[246]: dharura ya 112, zimamoto ya 114, na 116 ya msaada kwa watoto, zitoke ukutani papo hapo bila kungoja. Kisha 0[67]xxxxxxxx, simu zote za mkononi za nchi hii, ukutani. Kisha 02[2-8]xxxxxxx, simu za mezani za mikoani na Zanzibar, ukutani. Kisha 2xxxxxx kwa parokia na wenzake wa kanda yetu, ukutani, na ile amri ya kuongeza namba ya mji wa Texas ikafutwa. Namba za 005 na 006 nazo tukaziachia ukutani, kwa kuwa ni mitambo ya hapa tu inayozielewa. Kampuni ya intaneti iliyoko Marekani haina habari nazo. Zilizobaki, yaani zinazoanza na 000, ndizo zipitie intaneti baada ya kuondolewa hizo sifuri tatu.

Kijana mmoja wa duka la simu, tulipokwenda kununua waya, alishauri tutenganishe zaidi: 075 na 076 zipite laini ya mtandao fulani, 071 nyingine, 078 nyingine, tubane matumizi. Ushauri huo ulikuwa mzuri zamani. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazisemi tena mtu yuko wapi. Baba Mdogo mwenyewe ameshahama.

Faida kubwa ya kanuni hizi ni ile saa. Kisanduku kikishajua kwamba namba inayoanza na 07 lazima ifike tarakimu 10, hakibahatishi tena katikati. Kinangoja kwa saa yake ndefu, na hiyo tuliiongeza hadi sekunde 20. Mama sasa anaweza kubonyeza 075, akavuta kitambaa, akakumbuka, akaendelea, na tarakimu ya kumi ikigusa tu simu inatoka. Kwa za 000 tulimfundisha kumalizia na alama ya reli. Aliipokea bila shida, kwa sababu kitufe kiko pembeni kabisa chini kulia na kidole hakikosei.

Dharura hatukuijaribu kwa kuipiga. Wanaopokea 112 hawafanyiwi mazoezi. Tulichomoa waya wa ukutani kwanza, tukabonyeza, na ukurasa wa kisanduku ukaonyesha kwamba simu ilielekezwa kwenye tundu la laini. Kisha nikafanya jaribio nililolitaka tangu mwanzo: waya ukiwa umerudishwa, nikazima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Ruta ikafa, taa za kisanduku zikafa. Nikanyanyua mkonga. Mlio ulikuwepo. Ndani ya kisanduku hicho kuna swichi ndogo ambayo umeme ukikatika huiunganisha simu moja kwa moja na waya wa ukutani, na waya huo unaletewa umeme wake mdogo, volti 48 hivi, kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Sio visanduku vyote vinavyofanya hivi. Vile vyenye tundu la simu tu, bila tundu la laini, hufa pamoja na taa za sebuleni, na mwenye mgonjwa ndani anapaswa kuuliza jambo hilo kabla hajatoa hela.

Mama akampigia Baba Mdogo jioni. Ilionekana kwake namba ya 028 anayoijua, akapokea kabla ya mlio wa tatu. “Shemeji, siku zote hizi umenyamaza!” Mama akamweleza kwamba hakunyamaza, simu yake ndiyo iliyokuwa inasafiri. Wakaulizana ng’ombe. Wakaulizana mvua. Baba Mdogo akasema ndama wawili wamezaliwa, akasema wageni wa Mwitongo wakiisha kuondoka atashuka Jumamosi inayofuata, na kwamba idadi ya ng’ombe wa mahari isitajwe na mtu yeyote kabla yeye hajakaa kitini.

Dada wa Bunda sasa naye anataka kisanduku, kwa kuwa mwanawe wa kwanza amepata chuo Uingereza. Nimemwambia asikinunue bado. Kwanza aweke daftari kando ya simu na kuandika kila anayepigiwa kutoka nyumbani kwake, pamoja na mama mkwe wake na wale jamaa wa njia ya Kisorya, na aniambie kama nyumba yao bado ina laini ya ukutani iliyo hai. Jumamosi nitapanda gari niende nikalisome.